Jiko la Jumatatu na jiko la Jumapili

Ukiuliza kwa nini matooke (ndizi za kupika) ya kufunga majani na kuku wa luwombo, yaani aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, huliwa Jumapili, utaambiwa ni vyakula vya heshima. Ni kweli, ila hiyo si sababu yote. Kinachogawa vyakula vya wiki katika nyumba nyingi za hapa Uganda ni muda wa moto na mikono iliyopo nyumbani. Jumanne mama anaingia saa mbili usiku kutoka kwenye foleni ya magari, sigiri, jiko letu la mkaa, inataka dakika 15 hadi 20 mkaa ushike vizuri, na watoto wameshaanza kusinzia. Hapo hakuna kuku wa kienyeji wa kupikwa kwa muda wa saa tatu, hata kama pesa ipo.

Kwa hiyo kila chakula nakipima mara mbili: kinakula moto kiasi gani, na kinakula mikono kiasi gani. Maharagwe yana moto mrefu lakini hayataki mtu. Unayaacha yachemke huku unafua. Chapati ni kinyume chake, moto mfupi na mikono mingi. Luwombo inataka vyote viwili, ndiyo maana ikakimbilia Jumapili. Posho (ugali wa mahindi), sukuma na mukene (dagaa) havidai kimoja wala kingine, navyo ndivyo vya siku za kazi. Kipimo changu cha Jumatatu hadi Ijumaa ni dakika 50 tangu moto ushike hadi sahani ziwe mezani. Kinachozidi hapo kigawanywe: sehemu ndefu ifanyike Jumamosi, sehemu fupi siku ya kula.

Kuna jambo moja wapangaji wa mapishi husahau. Watoto wengi wa shule hapa kwetu hula posho na maharagwe mchana, siku tano mfululizo. Ukiwapa posho na maharagwe tena usiku, sahani itarudi nusu, kisha utasema mtoto anadeka. Nyumba yenye wanafunzi ipeleke posho na maharagwe mwisho wa wiki, au wakati wa likizo, na usiku wa siku za kazi iwape wali, viazi vitamu, mihogo, samaki na mboga za majani. Mtu mzima anayekula mjini mchana ana hesabu yake nyingine, lakini chungu hufuata walio wengi.

Hata hivyo maharagwe yapikwe Jumamosi, kwa sababu yanaweza kuliwa kwa sura nyingi. Chukua kilo 2 kavu, ziwe nambale (nyekundu zenye madoa) au za njano, chagua mawe, osha, loweka saa 8 hadi 12 kuanzia Ijumaa usiku. Maji ya kulowekea yamwage. Kwenye mkaa, yaliyolowekwa huiva kwa saa 1 hadi 1 na nusu. Yasiyolowekwa hupita saa 2. Kwa sufuria ya presha, dakika 15 hadi 20 tangu ianze kulia. Walio milimani waongeze muda: Kampala, kwenye mita kama 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93, na punje hukawia kulainika kwa sababu hiyo tu, si kwa sababu mkaa ni mbaya.

Maharagwe yakigoma, mara nyingi mpishi ametia nyanya mapema. Asidi ya nyanya huifanya punje ikatae kulainika, kwa hiyo nyanya, ndimu na ukwaju vingoje hadi punje ivunjike kati ya vidole viwili. Sababu nyingine ni uzee: maharagwe yaliyokaa msimu mzima kwenye joto na unyevu hayalainiki sawasawa hata ukiyachemsha mchana kutwa. Robo kijiko cha chai cha magadi kwa kilo moja husaidia, ila ladha hubadilika na baadhi ya vitamini B hupotea; mimi ninayatumia kama njia ya mwisho. Na maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipashwa tu bila kuchemka huumiza tumbo vibaya.

Kilo 2 kavu hutoa karibu kilo 4 na nusu hadi 5 zilizoiva. Usizikaange zote. Ziache nyeupe, bila kitunguu wala mafuta, zimwage kwenye beseni pana zipoe haraka, kisha zigawe kwenye vikopo vya gramu 500 pamoja na mchuzi wake kidogo. Kwenye friji zinadumu siku 3 hadi 4, kwenye friza miezi. Kosa la kawaida ni kuingiza sufuria nzima ya moto kwenye friji: katikati hubaki vuguvugu usiku kucha na asubuhi yamechacha. Asiye na friji apike ya milo miwili tu, ayachemshe tena asubuhi kwa dakika 10 kamili, na asirudishe ndani ya chungu kijiko kilichokwisha kuonja.

Kopo moja la gramu 500, kitunguu kimoja, nyanya mbili na vijiko viwili vya mafuta ni mchuzi wa dakika 15. Ukipondaponda robo ya punje unakuwa mzito bila unga. Kopo hilohilo na ndizi 8 zilizomenywa hutoa katogo, ndizi na mchuzi wake katika chungu kimoja, ya asubuhi kwa watu wanne. Na kama kuna chapati za jana, katakata, mwagia maharagwe, hiyo ni kikomando. Wanafunzi wa chuo wanaijua kuliko mimi.

Binyebwa, mchuzi wa karanga, nayo ni kazi ya Jumamosi, upande wa kuchagua na kusaga. Nunua karanga nzima, usinunue unga uliosagwa usiojua ulitoka wapi. Tupa kila punje iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyooza au yenye ukungu, hata kama ni nyingi na roho inauma: sumu kuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Saga za wiki moja tu, kwa sababu mafuta yake huingia harufu upesi. Siku ya kupika, gramu 250 za unga kwa maji mililita 750 hutosha watu 5 au 6. Koroga kwanza kwa maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo utie kwenye maji ya moto. Moto mdogo, dakika 30 hadi 40, ukikoroga chini mara kwa mara, mpaka mafuta yaelee juu. Moto mkubwa huunguza chini huku juu ni mbichi, na harufu ya kuungua haifichiki hata kwa kitunguu. Nyumba za kaskazini zina mteremko zaidi hapa: odii, rojo ya simsim (ufuta) na karanga, ikishasagwa ikawekwa kwenye chupa kavu hukaa wiki kadhaa, na vijiko vinne tu huigeuza malakwang ya kawaida, mboga ya majani machachu, kuwa chakula kamili.

Mukene ni mkombozi wa Jumatano. Gramu 250 kavu kwa watu sita. Zioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, harakaharaka, mchanga utoke. Ukiziloweka dakika 20 zinavunjika na mchuzi unakuwa uji. Zikaange dakika 3 au 4 hadi zilie, ndipo uweke kitunguu na nyanya. Walio na watoto wasiopenda macho ya samaki wazisage, unga wake uingie kwenye binyebwa.

Sasa mkungu wa matooke, ambao una kalenda yake wenyewe. Ukiununua Jumamosi sokoni, umeshakaa siku moja au mbili tangu kukatwa, na kwenye nyumba yenye joto ndizi za juu huanza kulainika katikati ya wiki. Kwa hiyo matooke ya wiki huliwa Jumapili hadi Jumatano, na Alhamisi ni zamu ya posho, wali au viazi. Anayeanza wiki na posho ili "kubana matooke" hujikuta Ijumaa ana ndizi mbivu asizozitaka. Weka mkungu mahali penye kivuli na hewa, usiufunike kwa gunia, na usiuweke karibu na maembe au maparachichi yanayoiva, kwani yanauharakisha.

Siku za kazi, matooke yapikwe kwa njia fupi. Yapike na maganda yake, empogola, ambapo kumenya hufanywa mezani, au yafanye katogo ya dakika 35 hadi 40. Matooke ya kusonga yanataka mvuke wa saa moja au zaidi, kisha kubonyezwa ndani ya majani, kisha mvuke tena angalau dakika 30. Ukikatisha hiyo awamu ya pili, yanakuwa na chembechembe na yanaganda kabla ya mlo kuisha. Kabla ya kumenya paka mikono mafuta ya kupikia, utomvu usishike.

Jumapili ndipo hayo yote hufanywa bila kukimbizana na saa. Kwa luwombo, kazi kubwa ni jani. Chagua jani changa la mgomba lisilopasuka, liwe pana kuliko sahani, punguza uti wa nyuma kwa kisu hadi uwe bapa bila kutoboa, kisha lipitishe juu ya moto hadi ling'ae na kulegea. Jani lisilopita motoni huchanika unapolikunja. Uti usiopunguzwa huvunjika na mchuzi wote huishia chini ya sufuria. Weka jani ndani ya bakuli, panga vipande viwili au vitatu vya kuku waliobanikwa kidogo, uyoga, kitunguu, nyanya na chumvi, mimina mchuzi, kusanya pembe za jani juu na ufunge kwa kamba ya mgomba. Kifurushi kimoja ni cha mtu mmoja. Chini ya sufuria panga vijiti vya majani ya mgomba ili vifurushi visiguse maji. Kuku wa kienyeji anataka saa 2 na nusu hadi 3, broila saa 1 na robo. Maji yakipungua, ongeza yaliyochemka. Maji baridi husimamisha mvuke. Na usifungue kifurushi kuonja, subiri.

Lakini Jumapili si sikukuu ya kila nyumba. Kwa Waislamu uzito uko Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya kazi, kwa hiyo pilau hugawanywa: Alhamisi usiku nyama kilo 1 ichemshwe na kuwekwa kwenye friji na supu yake, na vitunguu vinne vikubwa vikatwe. Ijumaa kaanga vitunguu hadi viwe kahawia iliyokolea, kama dakika 15. Ukivitoa vikiwa vya dhahabu pilau inakuwa njano na dhaifu. Tia kijiko kikubwa cha bizari ya pilau, nyama, kilo 1 ya mchele wa super uliolowekwa nusu saa, na jumla ya lita 1 na nusu ya supu na maji. Maji yakizama, funika, makaa juu na chini, usikoroge. Pilau inayobaki iingie friji ndani ya saa mbili. Ikilala kwenye sufuria jikoni, kupasha moto asubuhi hakuondoi sumu iliyotengenezwa na vijidudu.

Wasabato wana sharti la kumaliza kupika kabla jua halijazama Ijumaa, na hapo watu hukitegemea mno kikapu kilichotandikwa majani ya migomba na blanketi. Kikapu ni kizuri: maharagwe yaliyolowekwa, yakichemshwa dakika 30 na kufunikwa humo, huiva yenyewe. Ila joto lake ni la saa 4 au 5, halitoki Ijumaa jioni hadi Jumamosi mchana. Chakula kinachokaa vuguvugu usiku kucha ni hatari kuliko kilichopoa. Nyumba zinazoruhusu kupasha ziweke mchuzi kwenye friji. Zisizoruhusu zipange viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, matunda na chapati.

Na chapati zenyewe: unga kilo 1, maji ya vuguvugu mililita 580 hivi, vijiko viwili vya chai vya chumvi, vinne vikubwa vya mafuta. Kanda dakika 10, pumzisha 30, kata matonge 16 ya gramu 100. Za kuliwa keshoyake zitoe zikiwa zimeiva bila kukauka, zipange zikiwa moto ndani ya kitambaa. Asubuhi ya Jumatatu mayai mawili, nyanya, kabichi iliyokatwa nyembamba, na dakika 5 kwenye kikaango, kisha ukunjie ndani ya chapati.