Mstari mweupe haugawi njia

Naomba nisiambiwe tena kwamba njia ya miguu ya mita 3 "inawatosha wote", waendao kwa miguu na wenye baiskeli, chora tu mstari mweupe katikati, weka picha ya baiskeli, kazi kwisha. Mita 3 hizo ni za kwenye mchoro. Toa sentimita 50 za mtaro ulio wazi, kwa kuwa hakuna anayeendesha akiuchungulia. Toa 25 za ukuta upande wa pili. Zimebaki mita 2 na robo, na nguzo ya umeme na meza ya machinga hatujazigusa. Mwenye baiskeli anahitaji mita 1: usukani sentimita 60 hivi, zilizobaki za kuyumba. Watu wawili wakitembea sambamba, mita 1 na nusu. Jumlisha mwenyewe.

"Basi aende polepole." Huo ni ushauri wa asiyeendesha. Baiskeli husimama wima kwa mwendo. Ishushe hadi kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtembea kwa miguu, nayo huyumba zaidi, hasa ikiwa na trei za mayai nyuma.

Na rangi haina kimo. Anayetazama simu haioni, fimbo nyeupe ya asiyeona haiigusi. Shusha njia ya baiskeli sentimita 6 chini ya njia ya miguu, hapo unyayo utajua. Lakini ukingo wa wima humwangusha anayeuparaza kwa tairi la mbele, tena huangukia watu. Ukiukata mshazari tairi hupanda salama, ila fimbo inaweza kupita bila kuuhisi. Mimi huukata mshazari kwenye vipande virefu na kuuacha wima karibu na vituo vya daladala na vivuko. Sidai kwamba nimepatia. Kila uamuzi hapa unamuumiza mtu.

Kengele ipigwe mita 15 nyuma ya mtembea kwa miguu. Wewe kilomita 15 kwa saa, yeye 5: ana sekunde 5 za kugeuka. Ukipiga mita 3 nyuma ana sekunde 1, na ataruka upande uleule uliotaka kupita.

Nguzo za kuzuia bodaboda ziachane mita 1 na nusu, guta na kiti cha magurudumu vipite. Ndiyo, na bodaboda itapita. Pengo la kuikwamisha pikipiki humkwamisha mwenye guta kwanza. Dawa ninayoiamini ni askari, naye hachorwi kwenye ramani.