Familia zisizo na makazi na ruzuku ya serikali: watu wanavyodhani na hali ilivyo

“Wajipange kwanza, nyumba baadaye.”

Dhana hii imeota mizizi hata kwa watu wenye huruma: mzazi apitie makazi ya muda, afundishwe kupanga bajeti na kutafuta kazi, ndipo akabidhiwe funguo. Marekani waliipima. Kati ya 2010 na 2012, familia 2,282 zilizokuwa kwenye vituo vya dharura katika maeneo 12 ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipewa nafasi ya kupata ruzuku ya kodi ya nyumba isiyo na tarehe ya mwisho, nyingine ruzuku ya muda mfupi, nyingine makazi ya muda yenye ushauri na mafunzo, na zilizobaki zikajitafutia kwa njia za kawaida.

Miaka mitatu baadaye, kundi la ruzuku ya kudumu lilikuwa limepunguza kwa takriban nusu hali ya kukosa mahali pa kuishi, likilinganishwa na waliojitafutia. Unyanyasaji wa wenza nao ulipungua, na watoto hawakuhamishwa shule mara kwa mara kama wale wa waliojitafutia. Ruzuku hiyo haikuja na semina wala mshauri. Kulipiwa sehemu ya kodi tu kulitosha, jambo ambalo wengi waliojenga programu za mafunzo hawakulitarajia. Makazi ya muda, pamoja na huduma zake zote, hayakuzifanya familia zijitegemee kuliko zile zilizojitafutia.

“Serikali haiwezi kumudu.”

Katika utafiti huohuo, familia moja kwenye kituo cha dharura iligharimu wastani wa dola 4,819 kwa mwezi, makazi ya muda dola 2,706, na ruzuku ya kudumu dola 1,162. Lakini tusidanganyane: kwa kuwa familia hukaa na ruzuku muda mrefu, jumla ya gharama kwa miaka mitatu ilizidi ile ya waliojitafutia kwa takriban asilimia 9. Anayeipigia debe kwa kuahidi kwamba hazina itaokoa pesa anajitengenezea mtego. Swali la haki zaidi ni kama asilimia hizo 9 zinastahili matokeo yale, na kwangu mimi zinastahili.

“Ni nyumba ya bure.”

Sivyo. Mpangaji mwenye vocha, yaani hati ya ruzuku hiyo, hulipa kwa kawaida takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kinachobaki, na mkataba huwa kwa jina la mpangaji. Akivunja masharti anaweza kufukuzwa kama mpangaji mwingine yeyote.

“Watabweteka na kuacha kazi.”

Hapa kuna chembe ya ukweli. Mwaka wa pili, waliokuwa kazini katika kundi la ruzuku walikuwa pungufu kidogo. Kipato kikipanda, sehemu ya kodi anayolipa mpangaji nayo hupanda, kwa hiyo sehemu ya kila nyongeza ya mshahara huishia kwenye kodi ya nyumba.

“Kila anayestahili hupata.”

Marekani, takriban kaya moja tu kati ya nne zinazostahili msaada wa serikali kuu wa kodi huupata. Nyingine husubiri, mara nyingi kwa miaka. Na ukishaipata vocha, lazima umpate mwenye nyumba atakayeikubali kabla muda wake haujaisha. Kwa kuanzia hupewi chini ya siku 60, na katika majimbo mengi mwenye nyumba ana ruhusa ya kukataa.