Vijiji vya stesheni ndogo za TAZARA: yanayosemwa na yaliyo kweli

Husemwa kwamba TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia tu, na vijiji vilivyo kando yake vilizuka kwa bahati. Shaba ilikuwa sababu kubwa kweli. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kusini. Lakini Mwalimu Nyerere aliitaka reli hiyo pia ili kuufungua upande wetu wa kusini, uliokuwa umesahaulika. Na vijiji vyenyewe havikuzuka tu. Wapo vibarua wa ujenzi waliobaki wakafyeka mashamba, na zipo familia zilizohamishiwa kando ya reli wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, zikitarajiwa pia kuilinda. Wengine, kama Wabena wa bonde la Kilombero, reli iliwakuta hapo.

Wengine hudai Wachina walioijenga walikuwa wafungwa. Si kweli. Walikuwa wahandisi, mafundi na wafanyakazi wa kawaida, na zaidi ya 60 kati yao walifia kazini. Makaburi yao mengi yako Gongo la Mboto.

Dhana inayoumiza zaidi ni hii: barabara kuu ya kwenda Zambia ipo, kwa hiyo stesheni ndogo hazina kazi tena. Kutoka Makambako kwenda Tunduma hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa reli na lami vinakwenda karibu karibu. Mtu wa Chimala au Igurusi akikosa treni, atapanda basi. Ila kabla ya kufika Makambako, barabara kuu hupitia Iringa, ilhali reli hukata bondeni Kilombero na kuupanda mteremko mkali kutoka Mlimba hadi Makambako. Kipande hicho cha karibu kilomita 160 kina madaraja 46 na mahandaki 18. Huko, kwa watu wa sehemu kama Uchindile, reli ndiyo barabara. Mvua za masika zikiharibu njia za vumbi, mgonjwa, mwalimu aliyehamishwa na gunia la mpunga vyote vinasubiri treni moja.

Tena si treni yoyote. Wengi hudhani ukikaa kando ya reli usafiri unao. Stesheni nyingi ndogo ziliwekwa kwa sababu njia ni moja na treni lazima zipishane mahali, kwa hiyo treni ya haraka inaweza kupita bila kushusha mtu. Inayowabeba wanakijiji ni ile ya polepole waliyoizoea kwa jina la kipisi. Mchele na ndizi vinapanda kutoka bondeni, viazi na maharage vinashuka kutoka Makambako. Mama mwenye magunia mawili anafanya biashara ambayo lori haliifuati, kwa kuwa mzigo wake ni mdogo mno na njia ni mbovu mno. Anayeiita treni hiyo ya hasara hajaihesabu biashara ya mama huyu.

Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua TAZARA kwa takriban dola bilioni 1.4, na mazungumzo mengi yanahusu tani za mizigo zitakazofika bandarini. Vijiji hivi vina haki ya kuuliza mapema: katika ratiba mpya, kipisi kitasimama wapi, na mara ngapi kwa wiki?