Barafu Inayoelea Siyo Inayopandisha Bahari

Nimetumiwa tena ile picha ya dubu mweupe aliyesimama juu ya kipande cha barafu katikati ya maji, ikiambatana na maelezo kwamba barafu ile ikimalizika kuyeyuka, bahari itaimeza pwani yetu. Picha hiyo nimeikuta kwenye mabango ya warsha, kwenye mada za mafunzo ya walimu, na hata mikononi mwa watu wenye dhamana ya kupanga kuta za bahari na barabara za ufukweni. Kazi yangu ni kukokotoa usawa wa bahari, na nimechoka kuona jambo zito kiasi hiki likielezwa kwa barafu isiyohusika. Dubu yule ana shida ya kweli, kwa sababu huwinda sili akiwa juu ya barafu ya bahari na barafu hiyo inapungua. Lakini hata ikiyeyuka yote, haitaongeza kwenye gati la Mombasa kimo cha maji ambacho jicho linaweza kukitambua.

Asiyeamini atwae glasi, atie maji na vipande vya barafu vinavyoelea, kisha apige alama ya kalamu pale maji yalipofikia. Barafu itayeyuka na maji yatabaki kwenye alama, kwa kuwa kitu kinachoelea huwa kimekwisha kusukuma maji yenye uzito sawa na wake. Kisha atwae glasi ya pili, aweke jiwe ambalo kichwa chake kimetokeza juu ya maji, na aiweke barafu juu ya jiwe hilo. Hapo maji yatapanda, na tofauti ya glasi hizo mbili ndiyo ninayoomba watu waikumbuke. Wapo wasomaji makini watakaosema kwamba barafu ya bahari ina chumvi kidogo kuliko maji inamoelea, hivyo ikiyeyuka huongeza ujazo kidogo. Ni kweli, lakini hata barafu yote inayoelea duniani ikiyeyuka, ongezeko hilo halizidi sentimeta chache.

Ncha mbili za dunia hazifanani. Kaskazini ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na barafu yake ya bahari kwa kawaida ina unene wa mita chache tu. Kusini ni bara lililozungukwa na bahari. Barafu iliyolala juu ya mwamba wa Antaktika ingetosha kupandisha bahari duniani kwa karibu mita 58, na ile ya kisiwa cha Greenland, upande wa kaskazini, kwa zaidi ya mita 7. Tangu 2002 tumekuwa na satelaiti zinazopima mvutano wa dunia, na zinaonyesha kwamba kila mwaka Greenland hupoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 250 za barafu, na Antaktika zaidi ya bilioni 100. Tani bilioni 360 hivi hupandisha bahari zote kwa milimita 1. Ongeza maji yanayotanuka kwa joto na barafuto za milimani, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole, na utaelewa kwa nini bahari ilipanda kwa takriban sentimeta 20 kati ya 1901 na 2018.

Sisemi kwamba barafu ya bahari haina maana. Ikiwa na theluji juu yake hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali maji meusi yanayobaki baada yake huufyonza karibu wote. Septemba 2012 barafu ya Aktiki, yaani bahari ya ncha ya kaskazini, ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4, zaidi kidogo ya nusu ya wastani wa mwezi huo kati ya 1981 na 2010. Wapo wanaolaumu meli za kuvunja barafu, lakini njia inayopasuliwa na meli ni nyembamba mno na wakati wa baridi huganda upya. Kosa la meli liko kwenye masizi ya mafuta mazito, ambayo hutua juu ya theluji na kuitia weusi. Sababu kuu ni hewa ukaa. Mwaka 2016 wanasayansi Dirk Notz na Julienne Stroeve walikokotoa kwamba kila tani ya hewa ukaa inayotolewa, popote duniani, huondoa takriban mita 3 za mraba za barafu ya Aktiki ya mwezi Septemba.

Sasa nifike kwenye jambo linalowakwaza hata wanaolifahamu somo la glasi mbili, kwani wakishalielewa huruka hadi hitimisho kwamba barafu yoyote inayoelea haituhusu. Pembezoni mwa Antaktika barafu ya nchi kavu huteremka hadi baharini na kuendelea kuelea ikiwa imeungana na ile iliyo nyuma yake, ikifanya mabapa yenye unene wa mamia ya mita. Bapa likiyeyuka au kukatika, lenyewe halipandishi bahari. Ila linaposugua kando za ghuba na vilele vya miamba iliyo chini ya maji, huizuia barafu ya nchi kavu isiteremke kwa kasi. Mwaka 2002 bapa la Larsen B, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lilisambaratika ndani ya wiki chache baada ya maji ya kiangazi kutuama juu yake na kupenya kwenye nyufa. Bahari haikupanda siku hiyo, lakini barafuto zilizokuwa zikilisukuma kwa nyuma ziliongeza mwendo, na barafu hizo ni za nchi kavu.

Hapa ndipo penye mashaka ambayo mabango hayaonyeshi. Barafuto ya Thwaites ya Antaktika Magharibi, yenye upana wa kilomita 120 hivi, imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari na unaozidi kuinama kadiri unavyoelekea bara, hali ambayo mtaalamu wa barafu John Mercer aliionya dunia kuihusu tangu 1978. Ikiisha yote, bahari itapanda kwa takriban sentimeta 65. Mwanzoni mwa 2020 watafiti walitoboa kwa maji ya moto tundu la karibu mita 600 na kuteremsha roboti hadi chini ya barafu hiyo. Walikuta kwamba sehemu zilizo tambarare zinayeyuka polepole kuliko ilivyotarajiwa, huku kwenye nyufa na ngazi za barafu kuyeyuka kukiwa kwa kasi kubwa, na bado mstari ambapo barafu huuacha mwamba umerudi nyuma kilomita 14 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Yaani hata kuyeyuka kwa kiasi kunatosha kuirudisha nyuma. Wapo pia wanaodai kwamba kuta za barafu zenye kimo kikubwa zikibaki bila bapa mbele yake zitaporomoka zenyewe mfululizo, na wapo wanaopinga kwa mahesabu mazuri vilevile, nami sijashawishika upande wowote. Ndiyo maana ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria bahari kupanda kwa mita 0.28 hadi 1.01 ifikapo 2100, kisha inaongeza kwamba kimo kinachokaribia mita 2 hakiwezi kuondolewa kabisa.

Imani nyingine, ambayo kwangu ina madhara zaidi, ni kwamba sisi tuko mbali na ncha, hivyo maji yatatufikia yakiwa yamepungua. Ukweli ni kinyume chake. Ngao ya barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari yakajaa kuizunguka. Inapopungua, mvuto wake hulegea na maji yale huenda mbali, na ardhi iliyokuwa imelemewa huinuka. Mwanasayansi Robert Woodward alilikokotoa suala hilo la mvuto mwaka 1888, kwa hiyo si nadharia changa. Ndani ya umbali wa kilomita kama 2,000 kutoka kwenye barafu inayopotea, bahari hushuka. Ulaya ya kaskazini hupata chini ya wastani wa maji ya Greenland, na nchi za tropiki hupata zaidi. Barafu ya Antaktika Magharibi nayo ikipotea, Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zinazopata zaidi ya wastani.

Kwa hiyo mhandisi anayechukua wastani wa dunia na kuuweka kwenye mchoro wa ukuta wa Dar es Salaam au Tanga amechukua namba ndogo kuliko inayomhusu. Namba za kikanda zipo, zimegawanywa kulingana na chanzo cha maji, na vituo vya Mombasa na Zanzibar vimekuwa vikipima maji kujaa na kupwa tangu miaka ya 1980. Kinachobaki ni kujua kama ardhi iliyo chini ya kila kituo inapanda au inadidimia, na hilo hupimwa kwa GPS iliyofungwa kwenye zege kando ya kipimo cha maji na kuachwa hapo kwa miaka mingi bila kuhamishwa.