Je, wajua kwa nini pleya ile ile ya muziki mmoja anaisifu na mwingine anailaumu?

Pita kwenye maduka ya vifaa vya simu katikati ya mji wa Arusha, au Moshi mjini, uliza habari za pleya ndogo ya muziki, ile ya mfukoni inayochomekwa memori kadi. Mmoja atakwambia ni chuma, ina mwaka wa tatu na haijawahi kumsumbua. Wa pili atasema inaruka nyimbo. Wa tatu atakukataza kabisa: haikai na chaji, na video haifungui. Kifaa ni kile kile, boksi ni lile lile, na wote watatu wanasema kweli.

Anayetoa maoni hazungumzii pleya peke yake. Anazungumzia pleya pamoja na kadi aliyoiweka, nyimbo alizojaziwa, hedfoni anazochomeka, chaja ya nyumbani kwake na mahali anapoitumia. Kiwanda kimetoa chipu, skrini, tundu na betri. Yaliyobaki kayaleta mwenyewe.

Lawama nyingi zinaanzia kwenye kadi. Kadi za GB 4 hadi GB 32 huja zimefomatiwa, yaani zimeandaliwa kupokea faili, kwa mfumo wa FAT32, ambao karibu kila pleya inausoma. Kuanzia GB 64 kwenda juu huja na mfumo wa exFAT, na chipu nyingi za bei nafuu haziujui. Ukiichomeka, pleya inaandika kwamba hakuna kadi, au inaganda kwenye nembo ya kuwakia. Hapo kifaa si kibovu. Hamisha nyimbo zako kwenye kompyuta kwanza, kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu, kisha ifomati kadi upya kwa FAT32. Kwenye kompyuta nyingi za Windows, dirisha la kawaida la kufomati halikupi chaguo la FAT32 likiona kadi inazidi GB 32, kwa hiyo utahitaji programu ya bure kama Rufus, yenye chaguo hilo kwa kadi kubwa. Zipo pleya ambazo hata baada ya hapo zitachukua dakika nzima kuwaka, maana zinapitia orodha ndefu ya faili kila zinapowashwa. Kwa pleya ya namna hiyo, kadi ya GB 16 au 32 inakutosha na kukuondolea usumbufu.

Kadi feki ni shida nyingine, na ndiyo inayowaponza wengi. Ndani yake kuna GB 8 halisi, lakini chipu yake imepangwa idanganye kwamba ni GB 64. Nyimbo za mwanzo zinaingia na kupiga vizuri. Zikishafika GB 8, kadi inaanza kuandika juu ya zile za zamani, au inapokea faili jipya bila kulihifadhi popote. Majina yanabaki kwenye orodha, lakini ukigusa wimbo unarukwa, unakatika katikati, au unaanza kupiga kipande cha wimbo mwingine. Ndiyo ile “inaruka nyimbo” ya yule wa pili. Dawa ni kuipima kadi kabla ya kuitumia, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi zinaijaza kadi mpaka mwisho, kisha zinasoma upya kila kilichoandikwa. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kujazwa, na muda mwingine wa kusomwa. Saa hizo zina faida kuliko kujaza nyimbo 3,000 na kuzipoteza.

Halafu kuna wanaolalamika kwamba nyimbo hazifuati mpangilio: albamu inaanza na wimbo wa saba, mahubiri sehemu ya 4 yanatangulia sehemu ya 1. Pleya rahisi haipangi faili kwa alfabeti wala kwa namba. Inazisoma kwa kufuata nani aliingia kwanza kwenye kadi. Ukizichagua zote na kuzinakili kwa mpigo, kompyuta inaweza kuzipeleka kwa mpangilio wake yenyewe. Zipe faili majina yanayoanza na 001, 002, 003, uzinakili moja moja kwa zamu hiyo, au tumia programu ya FATsort, ambayo hupanga upya orodha iliyomo ndani ya kadi bila kugusa nyimbo zenyewe.

Kuhusu ukubwa wa nyimbo, hesabu ni rahisi. MP3 ya kbps 128 (kbps ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya wimbo) hula takribani MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 8 inabeba karibu nyimbo 2,000 za dakika nne. Kwa kbps 320 ni MB 2.4 kwa dakika, na kadi hiyo hiyo inabeba kama 800. Ila wimbo uliokwisha kubanwa kwa kbps 128, ukigeuzwa kuwa 320 hauongezeki ubora hata kidogo. Unaongezeka uzito tu, kwa sababu kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Anayesifu pleya kwa sauti safi na anayeilaumu kwa sauti ya kukwaruza mara nyingi wanasikiliza faili tofauti, si mashine tofauti. Na kama pleya yako inagoma kwenye wimbo mmoja tu ule ule kila siku, angalia picha ya kava iliyofungwa ndani ya faili. Picha kubwa inaweza kuzidi kumbukumbu ya chipu, pleya ikaganda. Ifute picha hiyo kwa kompyuta, wimbo utapiga.

Kwenye video ndiko maboksi yanakodanganya waziwazi. Pleya nyingi ndogo zenye skrini ya inchi 1.8 zimeandikwa MP4 kwa herufi kubwa, lakini hazifungui faili la MP4. Zinafungua AMV, aina ya video nyepesi iliyobuniwa kwa chipu hizo, yenye picha ya nukta 160 kwa 128 au zaidi kidogo. Ukinunua muvi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ukawekewa kwenye kadi ikiwa MP4 ya 720p, pleya hiyo haiwezi kuifungua. Lazima igeuzwe kwanza kwenye kompyuta.

Pleya zenye skrini kubwa zaidi hufungua MP4 ya kweli, lakini nazo zina mipaka. Picha ikiwa imebanwa kwa H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, pleya iliyotengenezwa kwa ajili ya H.264, njia ya zamani, itaonyesha giza au itasema faili halifunguki. Ikiwa picha inaonekana vizuri lakini sauti hakuna, mara nyingi sauti ya muvi hiyo imebanwa kwa AC3, aina ya sauti ambayo pleya nyingi za bei nafuu hazina kibali cha kuifungua. Mwambie anayekugeuzia atumie H.264 kwa picha na AAC kwa sauti, na asipeleke picha kubwa kuliko skrini. Kwa skrini ya nukta 320 kwa 240, picha ya kbps 400 na sauti ya kbps 128 inatosha kabisa, na saa moja ya muvi itakula kama MB 240. Kumbuka pia kwamba FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata kadi iwe tupu.

Sasa lawama moja inayowashangaza hata mafundi wapya: muziki unapiga, ngoma na kinanda vinasikika, lakini mwimbaji hayupo. Ukiweka kwaya, unabaki na ala na mwangwi kwa mbali. Watu hudhani pleya imeua spika moja, au faili limeharibika. Chanzo ni waya mmoja tu. Hedfoni zina waya wa kushoto, wa kulia, na wa tatu ambao ni wa pamoja, wa kurudishia umeme. Studio humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake inapelekwa sawasawa kushoto na kulia. Ule waya wa pamoja ukiachia, umeme unalazimika kutoka spika moja kwenda nyingine, na kila kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Kinachobaki ni tofauti ya kushoto na kulia, na hiyo ndiyo ala zilizotandazwa pembeni.

Angalia tundu kwanza. Pamba za mfukoni na vumbi hujikusanya chini, plagi haifiki mwisho. Zima pleya, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano, itakwaruza na kuunganisha nyaya. Ikiwa tundu ni safi, tazama plagi. Yenye mistari miwili myeusi haina maiki, na ndiyo inayokaa vizuri kwenye pleya. Yenye mistari mitatu ni ya hedfoni zenye maiki, na kwenye matundu mengine waya wa maiki unakaa mahali pa waya wa pamoja. Kipimo chake ni hiki: bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu kwenye waya. Mwimbaji akirudi wakati umebonyeza, pleya haina kosa, hedfoni ndizo haziendani nayo.

Tuje kwa yule wa tatu na chaji yake. Pleya ya mfukoni yenye betri ya mAh 200 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), ikitumia umeme wa kama mA 30 kwa hedfoni, itapiga saa sita hivi. Ukiwasha skrini muda wote au ukacheza video, matumizi yanaruka mara mbili au tatu. Kwa redio ndogo zenye spika, zile za flashi na kadi, nyingi zinatumia betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia za zamani. Ya kweli ina mAh 1,020. Betri ya umbo hilo iliyoandikwa mAh 2,800 imeandikwa uongo. Haina nafasi ya kubeba kiasi hicho. Betri ikichoka, dalili yake si kuisha haraka tu. Ukipandisha sauti, besi inavuta umeme kwa nguvu, volti zinashuka ghafla, na redio inajizima na kujiwasha. Mwenye nayo analaumu redio, na kumbe betri mpya ingemaliza kesi.

Pleya mpya zenye tundu la USB-C zina tatizo lao. Baadhi ya viwanda huacha kufunga vizuizi viwili vidogo vya ohm 5,100 ambavyo huiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachoomba umeme. Ukitumia waya wenye C pande zote mbili na chaja ya simu mpya, chaja haitoi kitu na unaambiwa pleya imekufa. Chukua waya wa kawaida wenye USB pana upande wa chaja, na itaingia chaji pale pale.

Hali ya hewa nayo inachangia maoni. Pleya iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani pale Moshi mwezi wa pili inaiva, na betri ya lithiamu inazeeka haraka au kuvimba. Ikivimba hadi kusukuma kioo, acha kuichaji, usiitoboe, usiitupe motoni. Kule juu mlimani ni kinyume. Wapagazi na waongozaji wanaopanda na redio zao Kilimanjaro wanajua kwamba chaji iliyokuwa nusu jioni inaweza kuonekana imekwisha alfajiri pale kituo cha Kibo, mita 4,720, penye usiku wa chini ya nyuzi 0. Baridi hupunguza uwezo wa betri kutoa umeme kwa muda. Haijafa. Iweke mfuko wa ndani wa koti, na usiku uingie nayo kwenye begi la kulalia. Ikipata joto, chaji nyingi inarudi. Kosa ni kuichaji kwa pawabenki ikiwa bado imeganda, kwani chini ya nyuzi 0 lithiamu hujibandika kama chuma ndani ya betri na kuiharibu moja kwa moja.

Kwa wenye iPod, pleya za kampuni ya Apple, zile za zamani zenye diski inayozunguka, ambazo mpaka leo zinauzwa mitumba, mlima ni hatari zaidi. Apple iliandika kwamba mwisho wa kuitumia ni mwinuko wa mita 3,000. Kichwa kinachosoma diski hiyo hakigusi diski. Kinaelea juu yake kwa hewa nyembamba mno inayovutwa na mzunguko wa diski. Hewa ikipungua, kichwa kinashuka na kinaweza kukwaruza, na diski iliyokwaruzwa haitengenezeki. Arusha mjini, kama mita 1,400, hakuna wasiwasi. Kwa njia ya Marangu, kituo cha Mandara kipo mita 2,720, bado uko salama. Horombo ni mita 3,720, umeshapita mpaka, na kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ni karibu nusu ya ile ya Tanga. Kwa hiyo anayetaka kupanda na iPod ya namna hiyo aizime na kuifunga akishapita Mandara, au fundi amtolee diski na kumwekea adapta ya memori kadi. iPod nano na shuffle hazina diski, hizo zinapanda hadi kileleni bila shida, mradi betri iwe na joto.