Kujihami kwa kadiri: hodi ya usiku wa manane

Kujihami kwa kadiri ni kutumia nguvu za kuzuia hatari iliyo mbele yako saa hiyo, basi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakitaji silaha wala idadi ya mapigo. Kinarejelea kanuni za kale za mahakama za Uingereza. Hakimu hutazama mawili: kwa uliyoyaamini pale, ulilazimika kujitetea? Na nguvu zako zililingana na tishio? Mwizi aliyeruka ua akatimua mbio si tishio tena. Ukimfuata hadi barabarani ukampiga panga mgongoni, mshtakiwa ni wewe, na kusema "alikuwa mwizi" hakukutoi.

Usiku kisheria ni saa kumi na mbili u nusu jioni hadi saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Kuvunja nyumba usiku ili kuiba kuna kifungo cha hadi miaka 10. Mchana ni 7. Tena "kuvunja" si lazima kitu kivunjike: kusukuma mlango uliorudishwa bila komeo kunatosha.

Lakini wengi hukosea kabla ya kufika huko, pale mlangoni. Adabu ya hodi ni mara tatu. Asipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka, na mwenye nyumba hana deni la kufungua. Uliza "Nani?" Akijibu "Mimi," hajajibu. Mtake jina, na anamtaka nani. Usimsaidie: ukisema "Ni Ali?" umeshampa jina la kuitikia. Simama kando, ukutani, si nyuma ya ubao wa mlango. Zima taa ya ndani, washa ya nje, umwone asikuone. Mpigie jirani simu kabla ya kupiga ukelele wa mwizi, maana watu wakitoka na mawe hawaulizi aliyeko nje ni nani. Huenda ni mgonjwa anayetafuta gari.

Akisema ni polisi, omba kitambulisho cha kazi akionyeshe dirishani, huku ukipiga 999 au 112. Polisi wana mamlaka ya kuingia bila hati ya mahakama katika hali fulani, kwa hivyo uliza, usipambane.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati ina shida yake: mlango wa mbele ni wa wote, kila mpangaji hudhani mwenzake ameufunga. Kubalianeni kwamba anayeitwa ndiye afunguaye, si mwingine. Tieni komeo mbili, juu na chini. Kwenye kuta kuukuu za matumbawe na chokaa, skrubu fupi hung'oka kwa teke moja. Tumieni ya inchi 3, ishike mbao ya fremu, isiishie kwenye plasta. Ufunguo wa kufuli la geti la nondo utundikwe ndani mahali pamoja panapojulikana na wote, mbali na dirisha. Moto nao huja usiku.