Ardhi ikipasuka si lazima mlima umelipuka

Tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, na kufunika sehemu ya mji wa Katesh alfajiri ya Desemba 3, 2023, watu walikuwa bado wanafukuliwa huku simu zikisambaza habari kwamba volkano imelipuka. Haikulipuka. Mvua kubwa ililowesha miamba laini ya mlima, kipande kikameguka na kufuata makorongo hadi kwenye makazi. Hanang ilijengwa na volkano, ni kweli, lakini siku ile hapakuwa na lava wala majivu mapya. Tangu hapo kila masika tunaletewa picha za nyufa za shambani zenye maelezo yale yale, na wananchi wanahama kwa hofu isiyo na msingi au, vibaya zaidi, wanabaki mahali penye hatari halisi.

Bonde la Ufa ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Likivutwa hivyo hupungua unene na kukatika, na kipande cha katikati hudidimia. Ule ukuta unaoushuka kuingia mji wa Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, ni mpasuko wa aina hiyo. Volkano ni njia ambayo mwamba ulioyeyuka, yaani magma, hutokea juu. Vinahusiana hivi: gamba likiwa jembamba, mgandamizo juu ya mwamba moto wa chini hupungua, nao huanza kuyeyuka bila kuongezewa joto, kisha mipasuko huipa magma pa kupitia. Lakini ufa hauihitaji volkano. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, limekaa ndani ya ufa. Tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea huko Desemba 5, 2005 na hakuna mlima uliolipuka. Tunaomba sana usemi wa "tetemeko ni mlima unaamka" ukome.

Kuna nyakati mpasuko wa ardhi na volkano huenda pamoja. Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi kuzunguka Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, na tetemeko kubwa zaidi, la 5.9, Julai 17, lilisikika hadi Nairobi. Magma ilikuwa imejipenyeza chini ya Gelai kama ukuta mwembamba uliosimama wima, ikasukuma mwamba kando na kuishia humo humo. Juu, ardhi ilipasuka, lava haikutoka. Septemba 4, Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio jirani yake, ikaanza kurusha majivu kwa nguvu. Wiki saba zilipita, na mlima uliolipuka haukuwa ule uliotikisika zaidi.

Sasa ufa wa shambani kwako. Ukitokea baada ya mvua, ukafuata mkondo wa maji na kingo zake zikawa zinabomoka kuelekea ndani, mshukiwa wa kwanza ni maji yanayozoa udongo chini kwa chini. Udongo wa majivu ya zamani ya volkano huliwa hivyo kwa urahisi. Ufa wa tetemeko mara nyingi hukata kilima na bonde bila kujali mteremko, na upande mmoja huwa chini kuliko mwingine. Dalili za volkano ni nyingine kabisa: udongo wa moto, mvuke, harufu ya mayai viza, majani kukauka bila kiangazi, chemchemi kubadilika joto.

Usichungulie ndani, ukingo huwa na uvungu. Ziba njia kwa matawi ya miiba, lakini usijaze ufa kifusi kabla haujakaguliwa, maana utafukia ushahidi wote. Piga picha ukiwa umeweka jembe au kandambili kando ili ukubwa uonekane. Ufa ukiwa hauzidi upana wa kiganja, pigilia kigingi kila upande, pima umbali kati ya vichwa vya vigingi kila asubuhi saa ile ile na uandike. Ukiwa mpana zaidi, acha. Kisha mpelekee mtendaji wa kijiji taarifa yenye tarehe na saa uliyouona wewe mwenyewe (si uliyosimuliwa), kitongoji, urefu kwa hatua, tofauti ya kimo kati ya pande mbili, na kama mvua au mtikisiko ulitangulia. Mtendaji ataifikisha wilayani, na wilaya itawaita wataalamu. Taarifa isiyo na tarehe inaweza kurudishwa, na muda unapotea.

Kuhusu uvumi: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamhusu anayechapisha habari akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayempelekea mtendaji picha ya kweli, hata kama amekosea kuitafsiri, hahusiki na kifungu hicho, na asiogope kuileta.

Wafugaji wa karibu na Lengai wana jambo la ziada. Majivu yake yana magadi mengi. Yakianza kudondoka, funika maji ya kunywa na uondoe mifugo kwenye malisho yaliyofunikwa, hata kama bado hujaona lava.